Soriasisi, pumu ya ngozi au fangasi? Kutofautisha baka lenye magamba kabla ya kupaka dawa

Baka lenye magamba linatokea kwenye kiwiko, shingoni au kiunoni. Dukani mtu anapewa tyubu moja yenye dawa tatu ndani yake: steroidi kali (dawa inayotuliza uvimbe na kuwasha), dawa ya fangasi na antibayotiki. Wiki ya kwanza baka linafifia na mgonjwa anashukuru. Akiacha kupaka linarudi, mara nyingi likiwa kubwa zaidi, na safari hii hata daktari anapata shida kulitambua, kwa sababu steroidi imefuta zile alama ambazo zingemwonyesha njia.

Maradhi matatu ndiyo yanayochanganywa zaidi: soriasisi, pumu ya ngozi na fangasi wa ngozi. Majina yenyewe yanaongeza mkanganyiko. Wapo wanaoita soriasisi "pumu ya ngozi", na wapo wanaoita kila kitu chenye magamba "fangasi". Hapa pumu ya ngozi ni ule ukurutu unaowasha wa watu wenye mzio, na fangasi ni choa, mashilingi, na mapunye ya kichwani. Tunayaweka matatu haya kando kwa kando kwa sababu dawa inayotuliza moja inaweza kulichochea jingine.

Chanzo: nani mwingine nyumbani anacho?

Soriasisi inatoka ndani ya mwili. Kinga ya mwili inachokozeka na kuendelea kutuma ujumbe wa kemikali kwenye ngozi. Ujumbe unaohusika zaidi unaitwa IL-23, IL-17 na TNF. Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua karibu mwezi mmoja kuzaliwa chini, kupanda juu na kudondoka. Penye soriasisi safari hiyo inakwisha kwa siku 3 hadi 5. Seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana, na rundo hilo ndilo gamba nene jeupe unaloliona.

Urithi una nafasi kubwa. Jeni inayojulikana zaidi ni HLA-C*06:02, hasa kwa walioanza kuugua kabla ya miaka 40. Mzazi mmoja akiwa na soriasisi, mtoto mmoja hivi katika kila kumi ataipata. Wakiwa nayo wazazi wote wawili, uwezekano unakaribia nusu. Lakini jeni peke yake haitoshi, lazima kiwepo kichocheo. Maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka huleta vidoadoa vingi mwilini wiki mbili au tatu baadaye, hasa kwa watoto na vijana. Mkwaruzo, kovu la upasuaji au mahali mkanda unaposugua panaweza kuota baka jipya, jambo ambalo daktari Heinrich Köbner alilieleza katika karne ya 19 na ambalo hadi leo lina jina lake. Pombe, sigara, unene na msongo wa mawazo huongeza makali.

Zipo pia dawa: lithiamu ya magonjwa ya akili, dawa za presha za kundi la beta bloka kama propranololi, na klorokwini pamoja na nduguye haidroksiklorokwini. Hiyo ya mwisho bado inatumika kwa wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi, kwa hiyo mwambie daktari kila kidonge unachomeza, hata kama unaona hakihusiani na ngozi.

Pumu ya ngozi inaanzia kwenye ukuta wa ngozi ulio dhaifu. Kwa baadhi ya watu protini iitwayo filagrini ni pungufu, maji yanavuja kutoka ndani, na sabuni, vumbi na jasho vinapenya kwa urahisi. Katika ukoo utasikia habari za pumu ya kifua, mafua ya mzio na macho yanayowasha.

Fangasi inatoka nje. Inakula keratini, yaani protini ya ngozi ya juu, nywele na kucha. Inaletwa na mwanafunzi mwenzake mtoto shuleni, paka, mbwa, ndama, taulo ya kuchangia, au mashine ya kinyozi isiyosafishwa.

Ndiyo maana swali la nani mwingine anacho lina thamani kuliko linavyosikika. Ikiwa mdogo wake mgonjwa alianza wiki mbili zilizopita, fikiria fangasi. Ikiwa shangazi alikuwa nacho miaka yote ya utu uzima wake, fikiria soriasisi. Ikiwa kaka yake anatumia pampu ya pumu, fikiria pumu ya ngozi. Na lieleweke wazi, maana watu wanatengwa kwa kutolijua: soriasisi na pumu ya ngozi haziambukizi kwa kugusana, kula pamoja, kulala pamoja wala kuvaa nguo ya mgonjwa.

Unachokiona kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vinasema soriasisi ni baka jekundu lenye magamba ya rangi ya fedha. Hiyo ni soriasisi ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hugeuka zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu cha jivu. Anayesubiri kuona wekundu atalikosa jibu. Simama karibu na dirisha mchana, acha taa, kisha pitisha kidole. Soriasisi ina unene unaousikia: baka limeinuka kama bamba, na kingo zake zimekatika waziwazi, hapa baka, pale ngozi nzima.

Kingo ndizo mahali pazuri pa kuanzia. Baka la soriasisi lina unene uleule tangu katikati hadi ukingoni. La fangasi lina ukingo ulio hai, wenye vipele vidogo na magamba, huku katikati pakianza kupona, ndiyo maana linafanana na pete. La pumu ya ngozi halina mpaka: linafifia polepole hadi huwezi kusema limeishia wapi.

Mahali nako kunasema mengi. Soriasisi hupenda nje ya viungo: viwiko, mbele ya magoti, kiuno kwa nyuma, kitovu, mkato wa makalio, kichwani. Tena hupenda pande mbili sawia, kiwiko cha kulia na cha kushoto. Pumu ya ngozi ya mtoto mkubwa na mtu mzima hukaa ndani ya mikunjo, mbele ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni. Kuna mtego hapa: kwa mtoto mchanga pumu ya ngozi huanzia mashavuni na nje ya mikono na miguu, na kwa watu weusi hata wakubwa huweza kukaa nje ya viungo kama vipele vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo. Kwa hiyo mahali peke yake pasikuhukumie. Fangasi haijali ulinganifu, hukaa upande mmoja, popote ilipogusia.

Gamba la soriasisi ni nene, kavu, linatoka kwa tabaka. Ukilikwangua linakuwa jeupe zaidi, kama nta ya mshumaa iliyokwaruzwa, na ukilibandua lote vitone vidogo vya damu hutokea. Alama hiyo ina jina la Heinrich Auspitz, lakini tunashauri usiijaribu nyumbani: haipatikani kwa kila mgonjwa, hutokea hata kwenye maradhi mengine, na mkwaruzo wenyewe unaweza kuotesha baka jipya. Pumu ya ngozi ina gamba jembamba, na ikichachamaa hutoa majimaji na kufanya ukoko. Soriasisi ya kawaida haitoi majimaji.

Kuhusu kuwasha, sahau ile kauli kwamba soriasisi haiwashi. Wagonjwa wengi wa soriasisi huwashwa. Tofauti ni kiasi na mpangilio: kwenye pumu ya ngozi kuwasha ndiko kunakotangulia, mtu anajikuna usiku hadi shuka lina damu, kisha ndipo ngozi inakuwa nene. Kama hakuna kuwasha kabisa, pumu ya ngozi iondoe kwenye orodha.

Kichwani, soriasisi hufanya mabamba manene ambayo huvuka mstari wa nywele kwa sentimita moja hivi kwenye paji na nyuma ya masikio, lakini nywele kwa kawaida zinabaki. Mapunye hukata nywele: utaona upara wenye visiki au nukta nyeusi, na tezi zilizovimba kisogoni, karibu kila mara kwa mtoto. Mba mkali wa mtu mzima una magamba ya manjano yenye mafuta, na hushuka kwenye nyusi na pembeni mwa pua.

Kinena na chini ya matiti ndipo wengi wanapoteleza. Jasho huondoa magamba, na soriasisi ya mikunjo inabaki baka laini, linalong'aa, lenye mpasuko katikati. Inatibiwa kama fangasi kwa miezi. Fangasi ya kinena ina ukingo wenye magamba unaoteremka pajani, na kwa mwanamume kwa kawaida huacha korodani salama. Kandida, aina nyingine ya fangasi, hushika hata korodani, na huzungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika nje ya baka kuu.

Kucha zinaweza kumaliza ubishi

Kama tungeruhusiwa kuangalia kitu kimoja tu zaidi ya baka lenyewe, tungeomba kucha. Karibu nusu ya wagonjwa wa soriasisi wana dalili za kucha, na miongoni mwa wenye soriasisi ya viungo ni wengi zaidi. Tafuta vishimo vidogo kama vilivyotobolewa na pini, doa la rangi ya tone la mafuta chini ya ukucha, ukucha ulioachia nyama kuanzia nchani, na takataka nene nyeupe chini yake.

Fangasi nayo hunenepesha na kuachanisha ukucha, ila huanza na kucha chache, mara nyingi za miguuni, na haifanyi vishimo. Pumu ya ngozi ya vidoleni huweza kufanya vishimo na mifereji, lakini utaona ngozi ya nyuma ya ukucha nayo imeugua. Maradhi mawili yanaweza kukaa kwenye ukucha mmoja, kwa hiyo usianze vidonge vya fangasi vya miezi mitatu kabla kipande cha ukucha hakijapimwa. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 tu kwa mwezi. Dawa isiyofaa itagundulika umechelewa sana.

Mwendo wa kila ugonjwa

Fangasi ya mwilini ikipata dawa yake hupona kwa wiki 2 hadi 4. Pumu ya ngozi mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano, hupanda na kushuka, na watoto wengi hupata nafuu wakikua.

Soriasisi ni ya muda mrefu. Ina vipindi viwili inavyopenda kuanza: kuanzia ujanani hadi miaka ya thelathini, na tena miaka ya hamsini kwenda sitini. Inatulia kwa miezi au miaka, kisha inarudi. Ile ya vidoadoa baada ya kuumwa koo mara nyingi huondoka ndani ya miezi michache, ingawa baadhi yao baadaye hupata mabaka ya kudumu. Baka likipona huacha doa jeusi au jeupe kwa miezi. Doa hilo si ugonjwa uliobaki, halihitaji steroidi, na kuendelea kulipaka ni kuikonda ngozi bure.

Hali mbili hazisubiri zamu ya kliniki. Ya kwanza ni ngozi karibu yote ya mwili kuwaka, kubanduka na kutetemesha kwa baridi. Ya pili ni vipele vya usaha kutokea ghafla mwili mzima pamoja na homa. Zote mbili hutokea zaidi baada ya kuacha ghafla vidonge au sindano za steroidi. Hiyo ndiyo sababu prednisoloni, ambayo ni steroidi, haipendekezwi kwa soriasisi hata kama inasafisha ngozi kwa siku tano: inaposimamishwa, ugonjwa hurudi kwa kishindo. Mgonjwa wa hali hizi anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Halafu kuna viungo. Hadi theluthi moja ya wagonjwa wa soriasisi hupata ugonjwa wa viungo, mara nyingi miaka kama kumi baada ya ngozi kuanza. Dalili zake ni kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kidole kizima kuvimba kama soseji, au kisigino kuuma penye kano ya nyuma. Viungo vikiharibika havirudi, kwa hiyo hapa usisubiri kuona ngozi itakuwaje.

Kipimo kipi kwanza?

Hakuna kipimo cha damu cha soriasisi. Anayekuuzia kipimo hicho anakupotezea fedha, na vipimo vya mzio wa vyakula navyo havitalitambua baka. Soriasisi hutambuliwa kwa macho na mkono wa mtu aliyefunzwa. Vipimo vinatumika kuondoa maradhi mengine.

Cha kwanza, kwa bei na kwa faida, ni kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini. Zahanati yenye hadubini na chupa ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20 inaweza kukifanya. Baka linasafishwa kwa spiriti, magamba yanakwanguliwa kwa upande butu wa wembe wa upasuaji, tone linawekwa juu, kioo kinafunikwa, na dakika 10 hadi 20 zinasubiriwa ili keratini iyeyuke. Nyuzi za fangasi zikionekana, kazi imekwisha.

Kinachoharibu kipimo hiki ni mambo matatu: kukwangua katikati ya baka badala ya ukingoni ambako fangasi iko hai, kuchukua magamba kidogo mno, na mgonjwa kuwa amepaka dawa ya fangasi siku za karibuni. Acha dawa hiyo wiki mbili kabla ya kupimwa. Steroidi ni kinyume chake: hulisha fangasi, kwa hiyo magamba ya mtu aliyepaka steroidi mara nyingi yamejaa nyuzi ingawa baka halina tena sura ya pete.

Kuotesha fangasi maabara kunajibu baada ya hadi wiki nne, na kunafaa zaidi kwa kichwa na kucha. Taa ya Wood ya miale ya zambarau haiaminiki peke yake huku kwetu: inafanya baadhi ya fangasi za paka na mbwa zing'ae kijani, lakini Trichophyton violaceum, ambayo ni ya kawaida sana kwenye vichwa vya watoto wa Afrika Mashariki, haing'ai.

Kunyofoa kipande cha ngozi kwa kisu cha duara cha milimita 4 ni hatua ya baadaye, pale macho na hadubini havijakubaliana. Kwenye soriasisi mtaalamu wa patholojia ataona ngozi ya juu imenenepa na kushuka chini kwa vidole vilivyo sawasawa, viini vya seli vimebaki hadi tabaka la juu kabisa ambako havitakiwi kuwapo, na vijipu vidogo mno vya chembe nyeupe za damu, vinavyoitwa vijipu vya Munro. Lakini baka lililopakwa steroidi kwa wiki kadhaa hupoteza alama hizi, na jibu linarudi limeandikwa "ukurutu sugu". Chagua baka jipya lisilopakwa kitu, na mweleze mpimaji kila kilichotumika.

Vipimo viwili vya damu vinafaa kuombwa kwa sababu nyingine. Kaswende ya hatua ya pili huiga soriasisi kwa ustadi. Ukiona vipele vya magamba visivyowasha kwenye viganja na nyayo, pima. Na soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu ambaye hakuwa nayo ni sababu ya kupima VVU. Akikutwa navyo, dawa za kufubaza virusi mara nyingi huipunguza.

Kuhusu ukoma: hadi daktari Ferdinand von Hebra alipoitenganisha soriasisi na ukoma mwaka 1841 huko Vienna, maradhi haya mawili yalikuwa yanawekwa kapu moja, na hofu hiyo haijaisha vijijini. Tofauti inapimwa kwa nyuzi ya pamba. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Baka la soriasisi linasikia kila mguso.

Uchague njia ipi

Baka moja au mawili, yana umbo la pete, yana chini ya mwezi, na mtu mwingine nyumbani anajikuna: anza na klotrimazoli tupu isiyo na steroidi, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2, na uendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuwa safi. Kama haijabadilika kwa wiki nne, usibadilishe tyubu, nenda ukakwanguliwe. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka. Mtoto anahitaji vidonge, griseofulvini au terbinafini, kwa uzito wake.

Ikiwa ni mikunjo, kuwasha kwa usiku na pumu katika ukoo: mafuta mazito yasiyo na harufu mara mbili au zaidi kwa siku, sabuni kidogo, na haidrokotisoni (steroidi nyepesi) ya asilimia 1 kwa siku chache pale ilipochachamaa. Ngozi isipotulia ndani ya wiki mbili, daktari aione.

Viwiko, magoti, kichwa na kucha kwa pamoja, hata kama ni kidogo, ni vya mtaalamu wa ngozi tangu mwanzo. Tanzania ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na maofisa tabibu waliosomea hapo wanafanya kazi katika hospitali za nchi nyingi za Afrika. Hospitali ya wilaya yenye mmoja wao ni mahali pazuri kuliko duka lenye tyubu nzuri.

Kabla ya kwenda, pima eneo. Kiganja chako pamoja na vidole ni asilimia 1 ya ngozi yako. Chini ya viganja 3 kwa kawaida ni soriasisi nyepesi inayotibiwa kwa kupaka. Zaidi ya 10 ni nzito, na huhitaji tiba ya mwanga au dawa za kumeza kama methotreksati. Uso, viganja, nyayo, sehemu za siri na viungo vinavyouma huifanya ihesabiwe kuwa nzito hata kama eneo ni dogo. Ukipewa steroidi ya kupaka, mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha viganja viwili vya ngozi.

Siku ya kliniki usipake kitu asubuhi, si mafuta, si poda. Futa rangi ya kucha. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, na picha za simu za baka lilivyokuwa kabla ya tyubu ya kwanza. Ukitibiwa kwa usahihi kwa miezi mitatu na baka likabaki pale pale, hasa kama liko kwenye makalio au sehemu zisizopata jua na linazidi kupanuka, omba kipande kinyofolewe tena, kutoka mahali pengine: baadhi ya saratani za ngozi zinazotokana na chembe nyeupe za damu huanza kwa sura ya soriasisi, na kipande cha kwanza huweza kuzikosa.